Daftari lilibaki kitandani
Mtihani wiki ijayo, lakini jana nililiacha daftari gheto Changanyikeni, Dar es Salaam, nikaondoka na rafiki yangu. Daladala mpaka Mwenge, tukawaangalia wachonga vinyago, vumbi la mpingo limewaganda mikononi. Tukaunganisha hadi Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga. Kumbe Edward Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huo, alichora kwa rangi ya baiskeli kwenye vipande vya mbao za kushindiliwa (hardboard)! Mwenzangu analia njaa, mimi natazama twiga wa kuchorwa tu, nusu saa nzima.

Jioni filamu fupi za wanafunzi, nje, viti vya plastiki. Sauti ikakatika mara mbili, tukawa tunawatungia waigizaji maneno (ya kwetu yalichekesha zaidi, msinune).

Usiku muziki wa dansi. Baba huniambia kila siku kwamba Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, walianza 1978, na hilo jina la Mlimani Park ni la baa iliyokuwa huku huku jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilidhani ananitania. Bendi ya jana ilipopiga zilipendwa, tarumbeta zikaingia, nikaacha kubisha, nikacheza na wazee wa rika lake.

Nimerudi na bajaji saa nane usiku, miguu imevimba. Daftari liko palepale.