Tanuri Lilivyonigeuzia Waya

Leo nimekaa mbele ya skrini muda mrefu nikiutazama mchoro mmoja, unaoonyesha jinsi usumaku wa waya unavyogeuka uga wa sumaku unapobadilika, nikishuku kwamba nimeunganisha vibaya koili, yaani mzingo wa waya wa kupimia. Asubuhi niliweka tanurini kipande cha waya wa aloi (mchanganyiko wa metali) yenye kobalti nyingi, nyuzijoto 300 za Selsiasi kwa saa moja, kisha nikauacha upoe taratibu. Nilitaka kuulainisha, nao ukatoka mgumu. Si ugumu wa kushika kwa mkono, ni ugumu wa kisumaku. Jana uga wa sumaku wa ampea 5 hivi kwa mita ulitosha kuugeuza, kiasi kidogo kuliko hata sumaku ya dunia yenyewe. Leo hauyumbi mpaka nikaribie 90.

Nimebadilisha koili, nimepima tena mara tatu. Waya ni uleule, jibu ni lilelile.

Nyaya hizi ni nyembamba mno: kiini cha metali cha mikromita 20 hivi, chembamba kuliko unywele, kikiwa ndani ya ala ya kioo. Aloi huyeyushwa ndani ya neli ya kioo, kioo kikalainika, vyote viwili vikavutwa pamoja na kupozwa ghafla. G. F. Taylor alivuta nyuzi za namna hiyo mwaka 1924, na baadaye Ulitovsky, huko Umoja wa Kisovyeti, akaiendeleza njia hiyo hadi ikatoa waya mrefu mfululizo. Kasi ya kupoa hufikia nyuzijoto milioni moja kwa sekunde, kwa hiyo atomi hazipati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Zinaganda palepale zilipokutwa, kama watoto waliokuwa wakirukaruka kitandani wakasikia mlango unafunguliwa.

Kisha kuna ugomvi wa kioo na metali. Metali inapopoa hutaka kunywea zaidi kuliko kioo, na kioo hakikubali. Waya unabaki umevutwa toka ndani, maisha yake yote. Nilipoupeleka tanurini nilikuwa na hesabu rahisi: joto litaondoa mkazo, mkazo ukiondoka usumaku utakuwa huru. Hesabu hiyo si ya uongo, ila ni nusu tu.

Nusu ya pili niliipata mchana, chai ikiwa imeshapoa. Kila aloi ya sumaku hurefuka au kufupika kidogo sana inaposumakishwa. Zenye chuma kingi hurefuka, kwa hiyo zikivutwa, usumaku wake hulala kwa urefu wa waya. Waya wangu wa kobalti ulikuwa wa kufupika, kwa kiasi kidogo karibu na sifuri, na ndiyo maana usumaku wake uliuzunguka kiini kama pete. Lakini joto, hata bila kuzaa fuwele, huwapa majirani wa kila atomi nafasi ya kusogea kidogo, na kwa aloi iliyo karibu na sifuri hivyo, kusogea kidogo kunatosha kuivusha upande wa pili. Wa kufupika umekuwa wa kurefuka. Mkazo uliobaki, ambao jana uliulaza usumaku kama pete, leo unaunyoosha. Mchoro uliokuwa umeinama umekuwa mstatili mkamilifu, usumaku unaruka wote kwa mara moja.

Tangu hapo nimechoshwa na ile kauli kwamba kupasha joto "huboresha" waya. Humboreshea nani? Anayetaka kihisio cha uga hafifu, ambacho impidansi yake (ukinzani wake kwa umeme wa mkondo geu) hubadilika sana kwa uga kidogo, nimemharibia. Anayetaka waya wa kuruka ghafla, wenye hali mbili tu, nimempa zawadi.

Jioni nikafanya kinyume. Nilichukua waya wa aloi yenye chuma kingi, ambao mchoro wake kwa asili ni wa mstatili, nikauning'iniza na kizito kidogo mwishoni, nikaupasha hivyo hivyo huku umevutwa. Baada ya kupoa nikakiondoa kizito. Mchoro umeinama! Kizito hakipo, lakini waya bado unakikumbuka: usumaku sasa unapendelea kukaa kukingama, si kwa urefu wa waya. Tanuri lilelile, majibu mawili yanayopishana.

Kipande cha tatu nilikisahau ndani joto likapanda kupita 550. Kimejaa fuwele, na nilipokigusa kwa koleo kilivunjika vipande vinne. Vyote nimevibandika daftarini kwa utepe, pembeni ya michoro miwili ya leo. Kesho narudia na vizito vitatu tofauti, na saa ya kengele.