Kalamu ya mpingo: kwanza ikae, ndipo ing'ae

Nikishikishwa kalamu ya mbao, sianzi na mng'ao. Napitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma. Ukucha ukikwama hata kidogo, najua fundi alikimbilia kupaka kabla hajamaliza kukereza. Na kadiri kalamu inavyong'aa ndivyo kasoro hiyo inavyojianika: mwanga unateleza vizuri juu ya mti, ukifika kwenye pete unakatika, na jicho linaganda hapohapo.

Nazungumzia kalamu nyembamba za kuzungusha ili ncha itokeze, zenye vibomba viwili vya shaba vya milimita 7. Wengi huanza na hizi wakidhani ni rahisi. Si rahisi hata kidogo. Pale mwishoni mbao inayobaki juu ya kibomba haifiki unene wa milimita moja, kwa hiyo huna pa kuficha uzembe.

Mti wangu ni mpingo, masalio ninayonunua kwa wachongaji wa Mwenge hapa Dar. Wao wanachotupa kwa kuwa kidogo, kwangu kinatoa kalamu mbili tatu. Nachagua kilichokauka sawasawa na kisicho na nyufa kwenye ncha, hata nywele tu ya ufa nakataa. Ule mti mweupe wa nje nao nauacha makusudi upande mmoja wa kalamu, maana wateja wanaupenda.

Kazi yote ya mkao, yaani mti kukaa sawa na chuma, inaamuliwa kwenye kutoboa. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na biti ikizunguka ndani yake inapata moto haraka. Moto huo ndio unaopasua. Natoboa kidogo, natoa biti, napangusa unga, narudi. Kipande nakiacha kirefu kuliko kibomba kwa kama sentimita moja, na sitoboi hadi ng'ambo. Nasimama kabla biti haijatokeza, kisha nakata ile ncha kwa msumeno hadi tundu lionekane. Biti ikitokeza yenyewe huwa inabomoa ukingo, na ukingo ndio kalamu. Nikishatoboa siweki gundi siku hiyohiyo. Mti ukipoa na kutulia, tundu nalo linatulia.

Kibomba nakikwaruza kwa msasa ili gundi ishike, halafu nakichomeka kwenye kipande cha kiazi kibichi ili gundi isiingie ndani. Ndiyo, kiazi cha chipsi. Gundi natumia ile ya kuchanganya mirija miwili, kwa sababu inajaza nafasi na inanipa muda wa kukizungusha kibomba kikienda ndani. Ikikauka nasukuma kiazi nje, kisha nasawazisha ncha kwa kikatio maalumu hadi shaba ing'are duara zima. Duara likiwa na upande mmoja uliofifia, ncha imeinama, na hakuna ujuzi wa kukereza utakaoinyoosha baadaye.

Kwenye mashine ya kukereza, watu wanaziamini mno zile bushi, vile vipete vya chuma vinavyokaa kwenye ncha za kipande kuonyesha ukereze hadi wapi. Wanakereza hadi zilingane na mti, basi. Lakini bushi nazo zinaliwa na msasa kila kazi, mwishowe zinadanganya. Mimi napima chuma chenyewe cha kalamu kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kisha naufuata mti hadi kipimo hicho. Ukitaka kupaka supagluu, shuka chini kidogo ya kipimo, kwa sababu yale matabaka yana unene wake. Ukitaka kumaliza kwa nta, simama palepale kwenye kipimo.

Hapo ndipo ubishi wangu na mafundi wenzangu unapoanzia. Supagluu inang'aa kama kioo, sikatai, na kwenye mvule au mninga wenye vitundu ni lazima ujaze, la sivyo uso utabaki na vishimo. Lakini mpingo una mafuta yake: usipoupangusa kwa asetoni kabla ya kupaka, tabaka linaweza kubanduka. Tena jaribu kupaka wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, uone utando mweupe unavyokuja kukuharibia kazi.

Kwa hiyo mpingo siupaki supagluu. Naanza na msasa namba 240, nafuata 400, 600, halafu msasa wa maji wa mafundi wa rangi za magari hadi 2000. Kila namba nikiimaliza nasimamisha mashine, nasugua kwa urefu wa mti hadi mikwaruzo ya duara ipotee, ndipo nabadilisha. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotofautisha weusi wa kijivujivu na weusi unaoona sura yako ndani yake. Namalizia na nta ngumu, mashine ikizunguka, kitambaa kikipata joto. Barakoa sivui hadi unga utulie. Unga wa mpingo unawasha ngozi na kifua.

Mzee mmoja alikuja kununua zawadi ya mwenzake anayestaafu, akaigeuza kalamu dirishani.

"Mwanangu, hii vanishi umeitoa wapi?"

"Haina vanishi, mzee wangu. Ni mti wenyewe."

Hakuamini. Akaikwaruza kwa kucha, na nikamwachia aikwaruze.

Shelaki, aina ya vanishi, niliiacha kabisa. Inang'aa upesi, ila inayeyuka kwa spiriti, na siku hizi kila mtu ana kichupa cha kutakasa mikono mfukoni. Nta nayo hufifia, lakini mwenye kalamu anaipaka mwenyewe akitaka, kwa kitambaa cha pamba na dakika chache.

Kuunganisha nafanya kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, midomo yake nikiiwekea vipande vya mbao laini. Nabana polepole, nikitazama chuma kinaingia wima. Kile kizungushio kinachotokeza ncha ya wino nakisukuma kidogo, naweka wino, najaribu ncha inatokeza kiasi gani, nasukuma tena. Kikizidi ndani, kukitoa ni balaa.