Jinsi nilivyozoeana na panya wangu wawili wachanga

Panya wangu ni majike wawili wa uzao mmoja, na niliwachukua walipokuwa na umri wa wiki saba hivi. Sikutaka kumchukua mmoja, kwa sababu panya ni mnyama wa kundi: hulala akiwa amekumbatana na wenzake, huwasafisha manyoya na kucheza nao, na akifugwa peke yake hunyong'onyea hata kama anayemfuga anampenda kwa dhati. Nilihakikisha pia kwamba wote ni majike, kwani panya huweza kuanza kuzaliana akiwa na umri wa wiki tano tu. Wa rangi ya kahawia nilimwita Shaba, na mweupe mwenye macho mekundu nikamwita Pamba.

Tangu mwanzo niliongozwa na jambo moja: panya humtambua mtu kwa pua na masikio kabla ya kumtambua kwa macho. Macho yake hayaoni mbali, na ya panya mweupe ni dhaifu zaidi. Kila nilipomkaribia, Pamba alikuwa akiyumbisha kichwa taratibu kulia na kushoto, na mtu asiyejua angedhani anaumwa, kumbe ndivyo anavyopima umbali wa kitu asichokiona sawasawa. Kwa mnyama ambaye mababu zake waliwindwa na ndege, mkono unaoshuka ghafla kutoka juu hauna tofauti na kucha za mwewe. Kwa hiyo niliamua kwamba harufu yangu na sauti yangu zitangulie, ndipo mkono ufuate.

Nilivaa fulana moja siku nzima, nikaikata vipande, nikavitia kizimbani pamoja na karatasi laini za kujengea kiota, kisha nikawaacha watulie bila kuwashika. Muda si mrefu walikuwa wameviburuta vipande vile hadi kwenye kisanduku chao cha kulalia. Kila nilipokuja kubadilisha maji au kuweka chakula, niliwaita kwa majina kwa sauti ya chini kabla ya kugusa mlango, na daima kwa maneno yaleyale.

Baada ya hapo nilianza kulaza mkono sakafuni mwa kizimba, kiganja kikiwa juu, bila kuusogeza. Shaba alikuja wa kwanza. Aligusa ukingo wa kidole gumba kwa sharubu zake, akarudi nyuma, akaja tena, akapandisha miguu ya mbele juu ya kiganja na kuonja ukucha wangu kwa ncha ya meno bila kuuma. Niliacha aonje, kwa kuwa huko ni kuulizia tu kitu hicho ni nini, na anayeurudisha mkono kwa kushtuka humfundisha panya kwamba mkono ni kitu cha kutisha. Pamba hakutoka. Kwake nilitumia kijiko kilichopakwa mtindi kidogo usio na sukari. Chakula kigumu panya mwoga hukinyakua na kukimbilia nacho mafichoni, lakini cha kulambwa humlazimu abaki hapo alipo, pua yake ikiwa karibu na vidole vya mtu. Kijiko nilikipitisha mlangoni sikuzote, wala si kati ya vyuma, kwa sababu panya akizoea kwamba kila kinachopenya kati ya vyuma ni chakula, kidole nacho kitang'atwa.

Wapo wanaoshauri kwamba mtu asubiri tu mpaka panya aje mwenyewe. Kwa panya jasiri ushauri huo unatosha, lakini kwa mwenye hofu nyingi naona kusubiri pekee humwacha na hofu yake. Kwa hiyo Pamba nilimbeba kila siku ndani ya sweta pana, mkono mmoja ukiwa chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, huku nikisoma au nikizungumza naye kwa utulivu. Kamwe sikumshika mkia, kwa sababu ngozi ya mkia wa panya huweza kuchunika na kutoka kabisa. Nilimrudisha kizimbani pale tu alipokuwa ametulia, hata kama ni kwa kitambo kifupi, ili asijifunze kwamba kufurukuta ndiyo njia ya kuachiliwa.

Mchezo ndio uliofanya kazi kubwa kuliko yote. Panya wachanga huchezeana kwa kuviziana kisogo, kisha mmoja humpindua mwenzake chali. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanasayansi Jaak Panksepp na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba panya wachanga wakitekenywa kwa namna inayofanana na mchezo huo hutoa milio ya furaha ya takriban kilohezi 50, juu mno kwa sikio la binadamu, na kwamba huufuata mkono uliowatekenya. Mimi nilifanya hivyo kwenye kochi lililofunikwa shuka: vidole viwili kisogoni, kumpindua kwa wepesi, kumtekenya tumboni, kisha kumwachia mara moja. Shaba alirudi mbio kudai tena. Pamba alianza kwa kukimbiza kamba tu, kisha vidole vyangu chini ya shuka, na hatimaye akaruhusu kisogo chake kiguswe.

Nilijifunza kusoma dalili zao njiani. Panya aliyeridhika husaga meno taratibu, na wakati mwingine macho hutetema kwa kasi, jambo linaloogofya kwa anayeliona mara ya kwanza. Hata hivyo, kusaga meno huweza kutokana na maumivu pia, kwa hiyo niliangalia mwili mzima: manyoya yaliyosimama na mgongo uliojikunja havikuwa ishara ya raha. Siku za mwanzo Pamba alikuwa na ute mwekundu pembeni mwa macho. Ute huo si damu, bali hutoka katika tezi iliyo nyuma ya jicho na huzidi panya anapokuwa na wasiwasi au maradhi. Kwake ulikoma alipozoea. Ungeendelea, au ningemsikia akikoroma anapopumua, ningempeleka kwa daktari wa mifugo bila kungoja.

Usafi nao ulihusu harufu. Amonia itokayo katika mkojo huunguza njia ya hewa, na panya wengi hubeba bakteria wa Mycoplasma pulmonis, ambao hugeuka ugonjwa wa mapafu hewa ikiwa mbaya. Kwa sababu hiyo sikutumia maranda ya misonobari wala ya mierezi, ambayo mvuke wake hudhuru, bali karatasi zilizokatwakatwa. Lakini ukiosha kila kitu kwa mkupuo, panya huhisi wamehamishwa, na huanza kukojoa kila mahali ili kurudisha alama zao. Niliosha kwa sehemu, nikibakiza kila mara kitambaa kimoja chenye harufu yao. Kizimba kilikaa mbali na jua, kwa sababu panya hatoi jasho na hupunguza joto hasa kwa mkia. Chakula chao kilikuwa tembe za chakula kamili cha panya, mboga kidogo na kipande cha yai, na nilikagua kwa makini kama hakijaharibika kwa kuwa panya hawezi kutapika alichokosea kula.

Mazoea haya ndiyo yananiwezesha sasa kuwakagua. Panya huficha ugonjwa hadi uzidi, na majike hasa huota uvimbe wa matiti kadiri wanavyozeeka katika maisha yao ya miaka miwili au mitatu. Kila wiki huwapapasa kifuani na kwapani, huwatazama meno, huweka sikio ubavuni mwao na kusikiliza pumzi, kisha huwapima uzito. Shaba hupanda mizani mwenyewe. Pamba bado huhitaji kuonyeshwa kijiko.