Siku Jenereta Ilipounganishwa Nyumbani kwa Mama

Fundi umeme aliyeitwa kuiunganisha jenereta na nyumba ya mama alikataa kuanza kazi mpaka kaka yangu mkubwa auweke kando waya aliokuja nao. Ulikuwa waya mnene wenye plagi katika ncha zote mbili, na kaka alikusudia kuchomeka ncha moja kwenye jenereta na nyingine kwenye soketi ya jikoni, ili umeme uingie kwa kinyumenyume na kuenea vyumba vyote. Mama alikuwa na insulini kwenye jokofu, nayo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo haraka ya kaka ilikuwa na sababu.

"Kaka, ukichomoa ncha moja huku nyingine ina umeme, meno ya plagi hayo unayashika mkononi," fundi alisema. "Lakini hilo ni lako na familia yako. Mimi namfikiria yule aliye juu ya nguzo."

Akatueleza kwamba transfoma haichagui upande. Transfoma ile ile inayoshusha volti 11,000 za nyaya za mtaani hadi 230 za nyumbani itapandisha 230 za jenereta kurudi 11,000, endapo swichi kuu itakuwa haijazimwa. Fundi wa shirika la umeme anayetengeneza laini iliyokatika anaweza kukutana na umeme huo mahali ambapo hakuutarajia kabisa. Kaka alijibu kwamba angeizima swichi kuu kila mara. Fundi alimuuliza ni nani angeizima siku ambayo yeye hayupo, na umeme umekatika usiku wa manane. Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo lililoamua mambo, kwa sababu mama alikohoa kidogo na kaka akaenda kuuweka ule waya kwenye gari.

Kilichofungwa badala yake ni swichi ya chenjiova yenye nafasi tatu: umeme wa shirika, sifuri katikati, na jenereta. Mkono wake hauwezi kufika upande mmoja kabla ya kuuachia mwingine, hivyo usalama haukutegemea kumbukumbu ya mtu. Fundi alichagua ile inayokata waya wa moto, unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha, kwa pamoja. Kwa hiyo jenereta ikawa chanzo kinachojitegemea, kisichotumia nyutro ya shirika, naye akaipima kwanza kuona kama nyutro yake imeunganishwa na bodi yake ya chuma. Alipoona haijaunganishwa, akaiunganisha na kuipeleka kwenye ardhi, kwa kuwa bila njia hiyo ile breka, yaani swichi inayojikata yenyewe, ya kukinga watu wasipigwe na shoti isingeweza kuitambua hitilafu. Mimi nilishika tochi na kuandika jina la kila saketi kwenye karatasi, kazi iliyoonekana ndogo mpaka tulipogundua kwamba breka iliyoandikwa "taa" ndiyo iliyolisha hita ya maji.

Hita hiyo ilizua mjadala mwingine. Jenereta ya kilovolti-ampea 5 hutoa takriban kilowati 4 tu, na jokofu linapoanza huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida. Kwa hiyo hita, pasi na birika viliachwa upande wa umeme wa shirika, jambo ambalo kaka hakulipenda. Kuhusu mahali pa kuiweka mashine hakuna aliyebisha: ilikwenda nje, zaidi ya mita 6 kutoka madirishani, bomba lake la moshi likielekea mbali na nyumba, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mlango ulio wazi hautoshi kuiondoa.

Tulipoiwasha, fundi aliiacha ingurume mpaka ikatulia, akapima volti, ndipo akavuta mkono wa chenjiova na kupandisha breka moja moja, ya jokofu kwanza. Kisha akafanya jambo ambalo nimewaona mafundi wengi wakiliruka: alirudi upande wa mita na kuweka kipimo kwenye nyaya zinazotoka mtaani, wakati jenereta ikiendelea kufanya kazi. Kilisoma sifuri. Akamwita kaka aje asome mwenyewe.

Umeme wa shirika uliporudi jioni, taa ndogo aliyoifunga kabla ya chenjiova iliwaka. Mama hakutaka kusaidiwa. Alishusha breka, akavuta mkono hadi sifuri, kisha upande wa shirika, akapandisha breka tena, halafu akamwagiza kaka aiache jenereta izunguke dakika chache bila mzigo ipoe ndipo aizime, na petroli asiiongeze kabla haijapoa.