Silinda ya Tatu

Jana pikapu moja kuukuu ilipita nje ya dirisha langu ikipanda mlima polepole, na kabla sijaiona nilikwisha kujua kwamba silinda yake moja haifanyi kazi. Mlio ulikuwa na pengo, na pengo hilo lilirudi kwa zamu ileile bila kukosa. Niliacha nilichokuwa nikiandika nikasikiliza mpaka ikatokomea, kwa sababu mlio ule naufahamu tangu siku Mjomba aliponiita nimsaidie kutafuta ugonjwa wa pikapu yake.

Wakati huo gari lilikuwa limekwisha kupita mikononi mwa watu. Plagi zilikuwa mpya, waya za plagi zilikuwa mpya, kepu ya distributa na rota vilikuwa vimebadilishwa, na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa imefunguliwa, ikasafishwa na kufungwa tena. Kila aliyelishika alibadilisha kitu, na injini ikaendelea kumisi, yaani kuruka mapigo, vilevile. Kilichomsikitisha Mjomba hakikuwa gharama. Ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeweza kumweleza kwa nini alibadilisha kile alichokibadilisha.

Yeye alianza kwa maswali. Tatizo huwa kubwa injini ikiwa baridi, au ikishapata moto? Alijijibu mwenyewe, kwani ndiye aliyekuwa akiliendesha kila siku: asubuhi injini ilitetemeka kidogo tu, na kadiri ilivyopata joto ndivyo ilivyozidi. Kisha aliiwasha, akaiacha ingurume bila kukanyaga mafuta, akashika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa bomba la moshi. Karatasi ilisukumwa nje kwa mapigo, na kila baada ya kitambo kifupi ilivutwa kurudi ndani.

"Umesikia, mjomba?" aliniuliza, kwa kuwa sisi tunaitana hivyohivyo kutoka pande zote mbili. "Pengo linakuja kwa zamu."

Jambo hilo ndilo ninalotamani kila mwenye gari la zamani alijue kabla hajanunua hata plagi moja. Injini ile ilikuwa na silinda nne zinazochoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na kila silinda huchoma mara moja katika mizunguko miwili ya krenkishafti, mhimili mkuu wa injini. Ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda huchoma mara 400 kwa dakika, yaani kati ya mara 6 na 7 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuhesabu mapigo hayo, lakini linautambua mwendo wake, kama unavyomtambua mtu anayechechemea kwa kusikia nyayo zake tu. Pengo lisilo na mpangilio, linalokuja na kupotea, mara nyingi huelekeza kwenye kitu ambacho silinda zote zinakitegemea: petroli, koili inayozalisha umeme wa cheche, au kabureta. Pengo linalorudi kwa zamu huelekeza kwenye silinda moja. Kabureta ile ililisha silinda zote nne, kwa hiyo kuifungua kulikuwa kutafuta mahali ambapo mlio wenyewe ulikuwa umekwisha kupakataa.

Tukachomoa waya za plagi mmoja mmoja injini ikiwaka, kwa koleo lenye mpini wa mpira. Tulipochomoa wa kwanza, wa pili na wa nne, injini ililegea ikataka kuzima. Tulipochomoa wa tatu, hakuna kilichobadilika. (Katika magari ya kisasa kipimo hiki si cha kufanya ovyo: umeme unaokosa njia unaweza kuharibu koili au moduli ya kuwashia, na petroli isiyoungua huharibu katalisti, kifaa kinachosafisha moshi.) Tulibadilishana plagi ya tatu na ya kwanza, ugonjwa ukabaki silinda ya tatu. Tukafanya hivyo kwa waya, ukabaki palepale. Tukanyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi, yaani mabomba, ya kuingizia hewa ili kuona kama injini ingebadili mlio, haikubadili.

Kilichobaki kilikuwa mgandamizo, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, na Mjomba hakuwa na geji ya kuupimia. Alizitoa plagi zote, akachomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche popote, akaniambia nizibe tundu la silinda ya kwanza kwa dole gumba na nikaze kwelikweli. Halafu akaenda kuzungusha stata. Hewa ilijaa chini ya dole, ikalisukuma juu kwa nguvu ambayo sikuweza kuishinda, ikatoka kwa mlio mfupi mkavu, ikarudi tena na tena. Kwenye silinda ya pili ilikuwa vivyo hivyo, na kwenye ya nne pia. Ya tatu niliiacha mwisho. Nilikaza mkono mzima mpaka begani nikiungoja msukumo, na kilichokuja kilikuwa pumzi hafifu iliyogusa ngozi na kuishia hapo. Stata ilizunguka, dole langu likabaki juu ya tundu bila taabu yoyote, na nilipotega sikio nikasikia hewa ikifukuta upande wa manifoldi ya moshi. Nilimwomba Mjomba asimame, nikarudi silinda ya kwanza ili kuhakikisha mkono wangu haujachoka, kisha nikarudi tena ya tatu.

"Rudia mpaka uamini," alisema kutoka ndani ya gari.

Niliamini. Nilikuwa nimeona magari mengi yakifunguliwa na kufungwa, lakini hiyo ndiyo mara ya kwanza kuushika ugonjwa wa injini kwa ngozi yangu mwenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tulimimina oili kidogo ndani ya silinda ile na kuzungusha tena: kama ringi za pistoni ndizo zingekuwa zinavujisha, oili ingeziba na msukumo ungeongezeka. Haukuongezeka. Tukafungua mfuniko wa valvu, vilango vinavyoingiza hewa na kutoa moshi, tukaipandisha pistoni ya tatu juu kabisa valvu zote mbili zikiwa zimepaswa kufunga, na pale penye valvu ya moshi hata fila, bapa la kupimia nafasi, iliyo nyembamba kuliko zote haikupenya. Nafasi ya tapeti, yaani upenyo kati ya valvu na kinachoisukuma, ambayo huwa sehemu ndogo tu ya milimita, ilikuwa imekwisha. Valvu ya moshi hupoza joto lake kwa kukaa imara kwenye siti, yaani kikalio chake. Isipokaa, ukingo wake huungua, na kwa kuwa mpini wake hurefuka kwa joto, injini ikipata moto hali huwa mbaya zaidi. Swali la kwanza la Mjomba lilikuwa limebeba jibu tangu mwanzo.

Kwa nini nafasi iliisha, hilo nililielewa baadaye. Risasi, yaani madini ya ledi, ilianza kutiwa kwenye petroli kufuatia ugunduzi wa mwaka 1921, na mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba matumizi yake katika magari yamekoma duniani kote. Risasi ni sumu na ilistahili kuondoka. Lakini masalia yake yaliweka utando kati ya valvu na siti, na injini za zamani ambazo siti zake zilichongwa moja kwa moja kwenye chuma cha silinda hedi zilitegemea utando huo. Ukikosekana, siti hulika, valvu hupanda juu, na nafasi ya tapeti hujifunga yenyewe kidogo kidogo.

Tulirekebisha tapeti. Pengo likatoweka injini ikiwa baridi, na likarudi kwa mbali baada ya kupanda mlima mrefu, dalili kwamba ukingo wa valvu ulikuwa umekwisha kuungua kiasi. Mimi nilitaka silinda hedi ishushwe, itiwe siti ngumu na valvu mpya. Mjomba akaamua kuendelea kurekebisha tapeti mara kwa mara, na akafanya hivyo mpaka alipoliuza gari, mnunuzi akiwa ameelezwa kila kitu. Bado naamini silinda hedi ilipaswa kufunguliwa mapema. Yeye, tukilizungumzia, hunijibu kwamba gari lilifika kila lilikotumwa.