Nilivyofanikiwa kupikia gesi ya samadi hapa Pongwe, na mpaka leo mtambo unapiga kazi

Wageni wakija kwangu hapa Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, wakaona jiko linawaka na mtungi hawauoni, swali la kwanza ni bei. Mimi nawaambia bei tutaongea baadae, kwanza niambie una ng'ombe wangapi, wanalala wapi na maji unachota wapi, maana hapo ndo mtambo unaposimama au kufa.

Mimi nina ng'ombe watatu wa maziwa, wa ndani, sio wa kuchunga. Hii ni muhimu sana kwasababu ng'ombe anayeshinda porini kinyesi anakiacha hukohuko. Aliyelivalia njuga hili jambo ni mke wangu, alishachoka na moshi alafu na mkaa ambao kila masika bei inapaa. Tukatafuta fundi anayejua kujenga kuba la chini ya ardhi, ule mtindo ambao CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo na vijijini kule Arusha, wamehangaika kuusambaza tangu miaka ya 80, tukachukua saizi ya mita za ujazo 6. Kuchimba shimo ndo kulikuwa na shughuli, huku kwetu ukishuka kidogo ni mawe ya chokaa matupu, kiwanda cha saruji hakikuja kukaa hapa bure, vijana wamepiga sururu na mtaimbo mpaka mikono ikatoa malengelenge. Kwenye plasta ya ndani nilisimama na fundi mwenyewe mwanzo mwisho, maana ufa ambao hata kwa macho huuoni unatosha kupitisha gesi yote.

Kuujaza mara ya kwanza kunataka samadi nyingi, ya ng'ombe wangu haikutosha, tukaomba kwa wafugaji wenzetu tunaokutana nao asubuhi kwenye kupeleka maziwa. Kinyesi ndoo moja maji ndoo moja, unakoroga, unatoa majani na mawe, unamwaga. Alafu unasubiri.

Gesi ya kwanza ilipotoka haikuwaka. Mama mkwe alikuwepo, akaniangalia akasema "Mkwe wangu, hela ndo imeshakwenda hiyo." Lakini fundi alishatuambia mapema, gesi ya mwanzo nyingi ni kabonidayoksaidi, ambayo haiwaki, unaifungulia itoke yote nje, hakuna kuwasha kiberiti karibu, unaacha mtambo ujaze upya. Tukafanya hivyo, na uliporudi kujaa jiko likashika, moto wa bluu, moshi hakuna, sufuria haina hata doa la masizi. Chai ya kwanza alipika mama mkwe mwenyewe na akakataa mtu asimsogelee pale jikoni.

Sasa ukweli ambao watu hawaambiwi ni kwamba mtambo ni ng'ombe wa nne bandani. Unakula kila siku. Mle ndani kuna vijidudu visivyotaka hewa, vinakula samadi vinatoa gesi ambayo kuanzia nusu mpaka kama asilimia 70 ni methani, ndo ile inayowaka, ukivinyima chakula gesi inashuka, ukimwagia maji ya sabuni au dawa ya kusafishia choo umeviua. Ng'ombe akichomwa sindano ya antibayotiki kinyesi chake tunakiweka pembeni mpaka dawa iishe mwilini. Na ukiona moto unapumuapumua, mara mkubwa mara mdogo, usikimbilie kumpigia fundi, gesi inatoka na mvuke ambao unageuka maji ndani ya bomba, fungua kikoki cha chini yamwagike, jiko linarudi sawa.

Shemeji yangu anaishi Dar, alinambia hii ni teknolojia ya watu wa kijijini. Nikamwambia nenda Ujerumani, wana mitambo zaidi ya 9,000 inayozalisha umeme kwa samadi na mahindi. Denmark karibu asilimia 40 ya gesi inayopita kwenye mabomba yao inatokana na bayogesi, yaani gesi kama hii yangu, iliyosafishwa, na baada ya vita ya Ukraine kuanza 2022 Umoja wa Ulaya ukajiwekea lengo la mita za ujazo bilioni 35 za gesi hiyo kwa mwaka ifikapo 2030. Wachina wao walishajengea makumi ya mamilioni ya kaya vijijini, alafu watu wakahamia mjini wakaacha kufuga nguruwe, mitambo mingi ikabaki mitupu. Yaani hata huko ilikufa kwa njaa tu. Na hapahapa mkoani kwetu, Hale, walishajenga mtambo unaotumia mabaki ya mkonge, maana kwenye jani zima nyuzi ni kama asilimia 4, kinachobaki chote kilikuwa kinatupwa kikaoza na kuachia methani hewani, ambayo kwa kupasha joto dunia inaishinda kabonidayoksaidi zaidi ya mara 25.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naombea sana tufike, ila naona masikio yote yako kwenye mitungi, na sisi wafugaji tumekalia gesi tunaifagia kila asubuhi.

Alafu kuna lile tope linalotoka upande wa pili, mimi naliona ni nusu ya faida yote. Halina harufu kali wala halileti nzi kama samadi mbichi, naliongoza kwa mfereji hadi kwenye migomba na majani ya tembo, na majani hayo ndo wanakula ng'ombe.

Kwahiyo unayetaka kujenga, ng'ombe wawili watatu wa ndani wanatosha kuanzia, hakikisha maji yapo hata kiangazi, banda liwe na sakafu ya saruji na liwe karibu na jiko. Na jiko nunua la bayogesi kabisa, lile la mtungi tundu lake ni dogo, moto hautakuja vizuri.