Uzio wa alumini au wa vinili? Mteremko wa kiwanja ndio ulioniamulia

Kiwanja changu kiko Columbus, Ohio. Ubavu wa mashariki una futi 60 na unateremka. Nyuma ni futi 48, tambarare, na madirisha ya jirani yanatazama moja kwa moja tunapokaa jioni. Nikaishia kuweka uzio wa alumini ubavuni na wa vinili, yaani plastiki ngumu, nyuma, na bado naona ndivyo ilivyopaswa kuwa. Watu wengi huanza na bei ya paneli dukani. Anza na uzi.

Pigilia vigingi kwenye kona, funga uzi ukae sawa kwa pima maji, kisha pima kutoka kwenye uzi hadi ardhini kila baada ya futi 6, ambao ndio upana wa paneli nyingi. Ubavu wangu ulishuka inchi 4 kwa kila paneli, yaani inchi 40 kwa paneli 10. Alumini inalimudu hilo, kwa sababu fito zake zinacheza kwenye reli, yaani vile vipande vya mlalo kati ya nguzo na nguzo: reli zinafuata mteremko na fito zinabaki zimesimama wima. Muulize muuzaji paneli yake inakubali kushuka inchi ngapi kwa futi 6. Zipo zinazokubali kidogo mno. Vinili ya kuziba kabisa haijipindi hivyo. Inabidi ishuke kwa ngazi, na chini ya kila ngazi linabaki pengo la pembetatu ambalo mbwa mdogo anapita bila shida. Lakini alumini haifichi kitu, na nyuma nilitaka faragha. Hapo vinili haikuwa na mpinzani.

Kabla ya kuchimba, piga 811, namba ya simu ya kuomba nyaya na mabomba yaliyozikwa yawekewe alama. Ni bure. Ohio unatakiwa kutoa taarifa angalau saa 48 kabla, bila kuhesabu wikendi na sikukuu. Wanakuja kupaka rangi ardhini: nyekundu ni umeme, njano gesi, chungwa simu na intaneti, buluu maji, kijani majitaka. Ndani ya inchi 18 kila upande wa alama, weka mashine kando uchimbe kwa mkono.

Sasa mashimo, na hapa ndipo uzio mwingi unapoharibikia. Ardhi ya hapa huganda wakati wa baridi, na misingi inatakiwa ishuke inchi 32. Mimi nilichimba 36: kokoto inchi 4 chini, zege inchi 30, udongo inchi 2 juu. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, unashika maji. Maji yakiganda yanatanuka, udongo unaling'ang'ania zege na kulinyanyua. Barafu ikiyeyuka, udongo umeshaingia chini ya zege, nguzo hairudi tena mahali pake. Kosa la kawaida ni shimo lililopanuka mdomoni, zege likatoka na umbo la uyoga. Ile kofia ndiyo barafu inayoishika na kuivuta juu. Nyoosha kuta za shimo, au panua kitako chake kidogo.

Nguzo za vinili za inchi 5 kwa 5, zenye urefu wa futi 9, niliziwekea mashimo ya kipenyo cha inchi 12. Kila moja inakula karibu mifuko miwili na nusu ya zege kavu ya ratili 80. Kwa nguzo 9 nilinunua mifuko 24. Nguzo za alumini za inchi 2 zinatosheka na shimo la inchi 8, mfuko mmoja na theluthi. Nguzo 11, mifuko 15. Usipande nguzo zote kwa siku moja ukitegemea hesabu ya karatasi. Panda nguzo, ingiza reli, panda inayofuata. Ukikosea nusu inchi kwa kila nguzo, ukifika ya tisa umepoteza inchi 4.

Vinili hutanuka kwa joto zaidi ya mara mbili ya alumini. Reli ya futi 6, kati ya baridi kali ya Januari na jua la Julai, inaongezeka urefu karibu milimita 6, wakati ya alumini haifiki 3. Kwa hiyo ncha za reli ziachie nafasi ndani ya nguzo, na usizikaze kwa skrubu pande zote mbili, la sivyo kiangazi zitabinuka kama upinde. Hakikisha reli ya chini ina chuma au alumini ndani yake, maana bila hiyo inalegea katikati, na ina vitundu vya kutolea maji. Maji yakikwama humo yakaganda, yanaipasua. Kwenye baridi kali plastiki hii inakuwa dhaifu. Usiirushie theluji yenye mawe kwa mashine. Angalia pia dirisha la nyumba ya pili: vioo vya kuzuia joto huakisi jua na kulikusanya sehemu moja, na vinili inaweza kulainika hapo. Jiko la nyama choma lipe umbali.

Alumini yenyewe haipati kutu ya chuma, ila inaliwa pale unapoigusanisha na chuma kingine penye unyevu. Tumia skrubu za chuma cha pua, si za kawaida. Kila ulipokata, paka rangi ya kufunika mkato siku hiyohiyo, na sehemu inayozama kwenye zege isiwe na mikwaruzo, maana zege bichi huila alumini tupu. Anayejenga pwani ya nyumbani, Kigamboni au Mtwapa, alishike hili hata zaidi, kwa kuwa chumvi ya bahari hulifanya haraka.

Ukiwa na bwawa la kuogelea, kanuni ya kawaida ni uzio wa inchi 48 au zaidi, mianya isiyopitisha mpira wa inchi 4, na geti linalojifunga na kujikomea lenyewe.

Geti la vinili linahitaji msaada. Nguzo inayobeba bawaba niliitia nondo mbili za nusu inchi kwenye pembe zinazokabiliana kwa mshazari, nikaijaza zege hadi juu, nikaiacha siku saba kabla ya kuning'iniza geti. Nguzo tupu itainama ndani ya mwaka. Acha nusu inchi kati ya geti na nguzo kila upande, na uchague komeo lenye mpokeo (sehemu inayopokea ulimi wa komeo) mpana, kwa sababu wakati wa baridi nguzo zitasogea kidogo na komeo lenye mpokeo mwembamba halitafika.